Wanasayansi wa Tabianchi Hawageuki Kila Msimu: Namna Majarida Yanavyowachora

Kuna picha ya jalada la jarida la Time ambayo imezunguka mitandaoni kwa miaka mingi, na haikosi kufika kwenye simu za watu wa huku Malindi kila mvua zinapokosa kufuata msimu wake. Inaonyesha pengwini, yule ndege wa nchi za barafu, pamoja na maneno ya kumfundisha msomaji jinsi ya kunusurika katika enzi ya barafu inayokuja, eti mwaka 1977. Anayeituma huongeza yake: hawa hawa waliotuambia dunia itaganda, leo wanatuambia inaungua. Jalada hilo ni la kughushi. Pengwini huyo alitoka katika toleo la Aprili 2007, ambalo lilihusu kuongezeka kwa joto, na mtu akabadilisha tarehe na maneno.

Uongo huo usingedumu hivyo kama usingekuta shuku iliyokwisha kuota mizizi, kwamba wanasayansi wa tabianchi ni watu wa kugeukageuka. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya shuku hiyo haikuzaliwa maabarani wala baharini. Ilizaliwa kwenye kurasa za majarida yanayosomwa na watu wa kawaida, ambayo hulazimika kusimulia kwa mvuto kazi ambayo kwa asili yake ni ya polepole, ya watu wengi, na isiyosimulika kwa urahisi.

Kabla ya kwenda mbali tuelewane kuhusu maneno machache. Hali ya hewa ni kile kinachotokea leo au wiki hii: mvua ya jana usiku, au kusi iliyozuia mashua kutoka. Tabianchi ni mwenendo wa hali hizo ukipimwa kwa muda mrefu, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia miaka 30 kuwa kipindi cha kawaida cha kupimia. Gesijoto, kama vile kaboni dioksidi na methani, ni zile zinazozuia sehemu ya joto la ardhi lisipotelee angani. Majarida nayo ni ya aina mbili ambazo watu huzichanganya. Jarida la kitaaluma, kama Nature lililoanza mwaka 1869, huchapisha ripoti za watafiti wenyewe baada ya kuhakikiwa na wataalamu wengine wasiohusika na kazi hiyo. Jarida la sayansi kwa umma, kama Scientific American la tangu 1845, Popular Science la tangu 1872 au New Scientist la tangu 1956, humwandikia msomaji asiye mtaalamu, na mara nyingi wanaoandika ni waandishi wa habari. La kwanza humwuliza mtafiti, “Umejuaje?” La pili humwuliza, “Kwa nini mtu asome?” Maswali yote mawili ni halali, ila majibu yake hayafanani.

Hofu ya baridi ilikuwepo kweli, lakini si kwa kiwango kinachodaiwa. Mwezi Aprili 1975 jarida la habari la Newsweek lilichapisha makala ya ukurasa mmoja kuhusu dunia inayopoa, nayo ndiyo inayotajwa mpaka leo. Wastani wa joto katika nusu ya kaskazini ya dunia ulikuwa umeshuka kidogo tangu miaka ya 1940, na baadhi ya watafiti walidhani kwamba vumbi na moshi wa viwanda vilikuwa vinaukinga mwanga wa jua. Mwaka 2008 watafiti watatu, Peterson, Connolley na Fleck, walizirudia ripoti za kitaaluma za kati ya 1965 na 1979 na kuzihesabu moja moja. Ripoti 7 zilielekea kwenye kupoa, 44 kwenye kuongezeka kwa joto, na 20 hazikuegemea upande wowote. Kwa hiyo msomaji wa Newsweek aliletewa sauti ya wachache, na sauti hiyo ndiyo iliyobaki masikioni mwa watu. Mwandishi wa makala ile, Peter Gwynne, alieleza mwaka 2014 kwamba sayansi ilikuwa imeshaipita zamani.

Ajabu ni kwamba majarida yalikuwa yamekwisha kuibeba habari ya joto miaka mingi kabla ya hapo. Mwaka 1856 Eunice Foote wa Marekani alitia gesi mbalimbali katika mitungi ya kioo, akaiweka juani, akaona kwamba mtungi wenye kaboni dioksidi ulipata joto zaidi na ukakawia kupoa. Aliandika kwamba anga yenye gesi hiyo kwa wingi ingeipa dunia joto kubwa zaidi. Scientific American lilimwandika mwaka huohuo, chini ya kichwa kilichohusu wanawake wa sayansi, kisha jina lake likasahauliwa na wengi hadi 2011, mwanajiolojia mmoja mstaafu alipoliibua. Toleo la Machi 1912 la Popular Mechanics liliwaeleza wasomaji kwamba tanuri za dunia huchoma takriban tani bilioni 2 za makaa ya mawe kwa mwaka, na kwamba baada ya karne kadhaa ongezeko la joto huenda likawa kubwa. Julai 1959 mwanafizikia Gilbert Plass akalifafanua jambo hilohilo kwa kirefu katika Scientific American. Habari ilikuwa ile ile kwa miaka 100. Kilichopanda na kushuka ni hamu ya wahariri.

Na mhariri hana budi. Hawezi kuandika jaladani kwamba mambo bado ni yaleyale. Majarida makubwa ya kitaaluma hutoa ripoti zake kwa ratiba ya kila wiki, Nature siku ya Jumatano na Science siku ya Alhamisi, na waandishi wa habari hupewa nakala siku chache mapema kwa sharti kwamba wasizitangaze kabla ya saa iliyowekwa. Saa hiyo ikifika, habari ya ripoti moja hutoka kila mahali kwa pamoja, ikaonekana kana kwamba imesimama peke yake na kufagia yote yaliyosemwa kabla yake. Ripoti moja ikikadiria kwamba barafu fulani inayeyuka kwa kasi, na nyingine, miezi mitatu baadaye, ikayapunguza makadirio hayo kidogo, msomaji wa vichwa vya habari huona ugomvi. Wenye kazi yao huona kipimo kilekile kikinyooshwa, huku mwelekeo ukibaki palepale.

Jambo jipya nalo hutaka sura ya mtu. Mwanahistoria wa sayansi Marcel LaFollette alipoyachunguza majarida ya Marekani ya kati ya 1910 na 1955, alikuta mwanasayansi akichorwa kwa sura chache zinazojirudia: mchawi mwenye siri, mtaalamu anayejua yote, muumbaji anayeweza pia kuangamiza, na shujaa. Watoto hupokea sura kama hizo mapema sana. Katika utafiti wa David Chambers uliochapishwa mwaka 1983, watoto 4,807 walitakiwa kuchora mwanasayansi. Waliochora mwanamke walikuwa 28 tu, na wote walikuwa wasichana. Sayansi ya tabianchi ikaongeza sura zake: mtu mwenye koti jekundu aliyesimama peke yake juu ya barafu, mwonyaji asiyesikilizwa, na siku hizi mtu aliyezingirwa na maadui. Sikatai kwamba sura hizo zina ukweli ndani yake. James Hansen, mwanasayansi wa shirika la anga la NASA, kweli alisimama mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani tarehe 23 Juni 1988 akaeleza kwamba joto limeanza kuongezeka. Ubaya wake ni kwamba zinaifanya hoja nzima isimame au ianguke pamoja na mtu mmoja, hivi kwamba anayemfumania mtu huyo na kosa, au na barua pepe yenye maneno makali, hudhani ameiangusha sayansi yote.

Tuitazame basi kazi yenyewe, wala hatuna haja ya kufika kwenye barafu. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, kuna matumbawe makubwa ya mviringo yanayojijenga kwa chokaa, tabaka juu ya tabaka, kwa takriban sentimita moja kila mwaka. Wanyama wadogo wanaolijenga jiwe hilo huishi kwenye ngozi yake ya juu tu. Chini yao ni mifupa ya miaka iliyopita. Watafiti huzama na keekee, wakatoa nguzo nyembamba ya jiwe kutoka juu kwenda ndani. Nguzo hiyo hupasuliwa kuwa mabamba, ikapigwa eksirei ili mistari ya kila mwaka ionekane, kisha mtu huketi kitako na keekee ndogo mno akikwangua unga, kidogo kidogo, akiifuata mistari hiyo asiiruke. Unga huo ndio unaopimwa. Oksijeni iliyomo ndani ya chokaa iko ya aina nzito na ya aina nyepesi; maji ya bahari yakiwa na joto zaidi, fungu la ile nzito linaloingia katika jiwe hupungua, na yakipoa huongezeka. Hivyo jiwe huhifadhi habari ya joto la bahari ya miaka ambayo hapakuwa na mtu hapa mwenye kipimajoto.

Mwaka 2000 jarida la kitaaluma la Science lilichapisha matokeo ya tumbawe moja la Malindi: kumbukumbu ya miaka 194, kuanzia 1801 hadi 1994. Inaanza kabla mji wenyewe haujafufuliwa na watawala wa Unguja katika miaka ya 1860. Walioiandika ni wanne, Julia Cole, Robert Dunbar, Timothy McClanahan na Nyawira Muthiga, na walionyesha kwamba joto la bahari ya huku limekuwa likipanda na kushuka sambamba na la Bahari ya Pasifiki, kwa mwendo unaohusiana na El Niño, yaani kupanda kwa joto la maji ya Pasifiki kunakorudi kila baada ya miaka kadhaa, katika miaka na hata katika miongo. Mwaka 2007 wakaja watafiti wengine, wakiongozwa na Dominik Fleitmann, na matokeo ya jiwe jingine la hapahapa lenye umri wa takriban miaka 300. Hao walipima bariamu, madini ambayo huja na udongo wa Mto Sabaki, huachana na chembe za udongo yanapokutana na maji ya chumvi, na huingia katika chokaa ya tumbawe. Kwa karne mbili kiwango hakikubadilika sana. Tangu mwanzo wa karne ya 20, walowezi walipokuwa wakifyeka mashamba huko bara, kikaanza kupanda, na kikaendelea kupanda. Kila mkazi wa Malindi anaijua rangi ya bahari Sabaki inapofurika. Lililokosekana ni tarehe ya mwanzo wake, na tarehe hiyo ilitoka kwenye unga.

Sasa jaribu kulitunga jalada la kazi hiyo. Bila shaka utamweka mzamiaji, mapovu yakimpanda kichwani na keekee mkononi, na picha hiyo haitakuwa ya uongo. Itakuwa ya saa chache katika kazi iliyodumu miaka. Kukwangua unga, kurudia vipimo, kulinganisha jiwe hili na la Shelisheli lililochapishwa mwaka 1997, kujibu maswali ya wahakiki wasiojulikana majina: hayo hayana picha. Na kwa kuwa hayana picha, msomaji hubaki akidhani kwamba mwanasayansi ni mtu anayekwenda mahali pa hatari, akaona jambo kwa macho yake, akarudi kutuambia.

Ni kama kuandama kwa mwezi wa mfunguo mosi. Magharibi ya siku ya 29 ya Ramadhani hakosekani wa kupaza sauti kwamba ameuona, na habari yake huwa imefika Mambrui kabla yeye hajamaliza kueleza. Kadhi hampuuzi mtu huyo, wala hatangazi Idi kwa sauti hiyo moja. Huuliza umeonekana wapi, upande gani, na nani mwingine ameuona. Jarida la sayansi kwa umma kazi yake ni kumpa kipaza sauti aliyeona kwanza. Wa kukusanya ushahidi, katika habari za tabianchi, ni Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lililoundwa mwaka 1988 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la hali ya hewa na lile la mazingira ambalo makao yake yako Nairobi. Jopo halifanyi utafiti wake lenyewe. Husoma uliokwisha kufanywa na kuupima uzito. Ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu msingi wa kisayansi iliandikwa na waandishi 234 waliotumia marejeo zaidi ya 14,000, na ndiyo iliyotamka kwamba hakuna shaka kuwa binadamu wameiongezea joto anga, bahari na nchi kavu, na kwamba joto la mwaka 2011 hadi 2020 lilizidi lile la 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzi 1.1 za Selsiasi.

Hata hivyo, kuna wakati ushahidi ulipita bila kuulizwa, na kisa hicho kinastahili kuelezwa vizuri kwa sababu kilianzia katika jarida la umma. Mwaka 1999 New Scientist lilichapisha habari iliyotokana na mazungumzo na mtaalamu wa barafu wa India, Syed Hasnain, ikisema kwamba barafu za sehemu ya milima ya Himalaya zingeweza kutoweka ifikapo 2035. Ilikuwa kauli ya mahojiano, haikuwa ripoti iliyohakikiwa. Mwaka 2005 shirika la uhifadhi la WWF likaichukua na kuitia katika ripoti yake. Mwaka 2007 IPCC nalo likaichukua kutoka huko, likaitia katika sura inayohusu Asia, ndani ya kitabu cha zaidi ya kurasa 900, likasema uwezekano wake ni mkubwa sana. Kauli ya mtu mmoja ilikuwa imepanda ngazi tatu, na kila ngazi ikaiongezea heshima ambayo haikuistahili. Waliopiga kelele ni wanasayansi wa barafu wenyewe, ambao walijua kwamba barafu nene kiasi kile haiwezi kwisha kwa muda mfupi namna hiyo. Januari 2010 jopo likakiri kwamba aya hiyo haikufuata utaratibu wake.

Wapo wanaokitumia kisa hiki kudai kwamba habari yote ya tabianchi ni porojo za magazetini. Barafu za Himalaya zinaendelea kupungua. Kilichokosewa ni mwaka. Mimi nakisoma kinyume chake: kosa liliingia pale tu ambapo jarida la umma lilipewa nafasi ya jarida la kitaaluma, nalo likaondolewa na watu wa fani ileile inayodaiwa kula njama.

Neno jingine linaloharibika njiani ni uhakika. IPCC linaposema jambo “lina uwezekano mkubwa”, lina kipimo maalumu: angalau nafasi 66 katika 100. Likisema “uwezekano mkubwa sana”, ni kuanzia 90. Kichwa cha habari hakina nafasi ya ngazi hizo, kwa hiyo huandika ama kwamba jambo litatokea, ama kwamba wanasayansi hawajui. Tulionja jambo hilo hapa nchini mwaka 2023. Idara ya Hali ya Hewa ilitoa utabiri wa mvua za vuli zilizozidi kiasi. Mwezi Oktoba ikatangazwa kutoka ngazi za juu za serikali kwamba El Niño haitakuwepo, zitakuwa mvua kubwa tu. Na Novemba mafuriko yakaua watu zaidi ya 100 nchini na kukata barabara ya Malindi kwenda Mombasa pale Mbogolo. Aliye chini ya maji hajali mvua inaitwaje. Utabiri uliotolewa kwa viwango vya uwezekano ulikuwa umegeuzwa kuwa ndiyo au hapana, na ilipofika “hapana” watu wakafunga madaftari.

Kuna pia desturi ya kumpa kila upande nafasi sawa, ambayo katika siasa ni haki na katika sayansi hupotosha. Maxwell Boykoff na Jules Boykoff walipozipitia habari za magazeti manne makubwa ya Marekani za kati ya 1988 na 2002, walikuta kwamba zaidi ya nusu zilizipa nafasi inayokaribiana hoja ya kwamba binadamu wanachangia joto na hoja ya kwamba ni mambo ya asili tu, wakati ambapo ripoti za kitaaluma hazikuwa zimegawanyika hivyo. Nayo majarida yenye kuikubali sayansi huteleza upande wa pili. Mwaka 2017 National Geographic lilieneza video ya dubu wa barafuni aliyekonda mifupa, pamoja na maneno kwamba hivyo ndivyo mabadiliko ya tabianchi yanavyoonekana. Mwaka uliofuata mmoja wa wapiga picha wake, Cristina Mittermeier, aliandika katika jarida hilohilo kwamba hakuna aliyejua kwa hakika dubu yule alikuwa akifa kwa sababu gani, na jarida likakubali kwamba lilivuka mpaka.

Dubu yule ameonekana katika simu nyingi za pwani hii kuliko tumbawe la Malindi lililoko umbali wa mwendo wa mashua, na hilo lina sababu ya kifedha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 na Indra Overland na wenzake ulikadiria kwamba kati ya 1990 na 2020 ni asilimia 3.8 tu ya fedha za utafiti wa tabianchi duniani zilizotumika kuhusu Afrika, na kwamba asilimia 78 ya hizo zilikwenda kwa taasisi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, huku taasisi za Afrika zikipata asilimia 14.5. Mhariri wa London anayetafuta mtu wa kumpiga picha hukuta kwanza jina la aliyepewa fedha. Lakini Nyawira Muthiga, ambaye jina lake limo katika ripoti ile ya mwaka 2000, ni Mkenya aliyeitafiti miamba ya nchi hii kwa miongo kadhaa. Na David Obura, aliyechaguliwa mwaka 2023 kuwa mwenyekiti wa jopo la kimataifa la bayoanuwai, IPBES, ndiye mkurugenzi mwanzilishi wa shirika la utafiti wa bahari la CORDIO Afrika Mashariki. Ofisi za CORDIO ziko Mombasa, kilomita kama 120 kutoka hapa, na matatu za kwenda huko huondoka Malindi tangu alfajiri.